Na Kabuti la Umeme Hadi Ujiji

Tangu nirudi sijanywa kahawa yangu kwa amani. Nikikaa tu barazani hapa Kanyenye, mtu anaanza: "Fundi Hamisi, hebu tueleze lile kabuti." Nikimaliza, anakuja aliyechelewa, anataka nianze upya. Na wapo wanaoisimulia safari yangu kunishinda mimi niliyekwenda. Mmoja kasema niliungua mgongo wote. Mwingine kasema nilifungwa kwa upelelezi. Basi naandika kwa mkono wangu mwenyewe, msome, mpitishiane, mniache. Shule sikukaa sana, na anayetaka kucheka mwandiko aje kwanza karakana nimwonyeshe dainamo niliyoisuka upya kwa mkono huuhuu.

Kabla ya kuwasha

Mnanijua. Nilianza kwa kuziba pancha za baiskeli ukutani kwa watu, nikifukuzwa kila jua likihama. Leo nina karakana yenye mlango wa chuma na pikipiki ya Kiingereza ambayo mwenyewe aliiacha kama chuma chakavu. Niliifufua mimi. Hakuna aliyenishika mkono.

Lakini safari hii sikwenda kujionyesha, ingawa wapo wanaosema hivyo. Marehemu kaka yangu aliacha binti mmoja, Zuhura. Mama yake ni mtu wa Ujiji, na baada ya eda alirudi kwao na mtoto. Sasa Zuhura kaposwa na mwalimu wa shule, kijana anaitwa Idi, na ndoa ikapangwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri, kwa sababu Jumamosi mwalimu anaondoka na mkewe kwenda kituo kipya cha kazi. Walii ni mimi. Upande wa baba hakuna mwanamume mwingine aliyebaki. Nisipofika, sheikh wa kule atasimama badala yangu amwozeshe. Ndoa itakuwa ndoa, sikatai. Ila binti ataolewa kama mtu asiye na kwao, na mji wa Ujiji hausahau neno kama hilo.

Walinishauri nimpe mtu uwakala. Nikakataa. Nikasema walii yuko hai na ana chombo chake.

Mke wangu, Mama Shabani, alitangulia kwa treni na masanduku na mikeka. Mimi nilikataa kupanda. Nibanane daraja la tatu na matenga ya kuku, mimi? Shida ilikuwa kifua. Mwaka uliopita kichomi kilinilaza hospitali nikaona kaburi langu, na daktari akanionya: upepo wa baridi usikipige tena kifua hiki. Nayo ilikuwa kipupwe. Anayesema Tabora hakuna baridi aendeshe pikipiki alfajiri katika misitu ile, tutazungumza baadaye. Na alfajiri ndiyo saa ya kusafiri: mchanga bado umeshikana kwa umande, na mbung'o hawajaamka.

Ndipo nikatengeneza kabuti. Lilikuwa kabuti zito la askari wa zamani. Nikachukua waya wa jiko la umeme lililokufa, nikaukata vipande vifupi, maana waya mmoja mrefu haupati moto kwa betri ndogo. Nikavipanga sambamba, kifuani na mgongoni. Rafiki yangu fundi cherehani wa Mtendeni akavishonea kati ya bitana na matabaka ya jinzi. Kutoka pindo la kabuti ukashuka mkia wa waya hadi kwenye betri, na swichi ya taa ya ukutani nikaifunga kwenye tangi la mafuta.

Mama Shabani aliliangalia nilipolijaribu uani. "Baba Shabani, ukivaa dude hilo, Ujiji watakupokea kwa sanda."

"Wewe panda treni yako," nikamwambia. "Utanikuta nimeshafika."

Sasa sikilizeni jambo moja la ufundi, bila hilo hamtaielewa hofu yangu. Pikipiki yangu ni ya koili. Betri ikifa, injini nayo imekufa. Dainamo yake ni ndogo, inatosha taa na moto wa plagi. Kabuti peke yake linakula kuliko taa. Kwa hiyo kuna kuchagua: taa au kabuti. Na injini lazima ivume. Ikinguruma polepole, dainamo hailishi kitu, kabuti linanyonya betri kama ndama. Juu ya taa kuna geji ndogo ya chaji. Mshale ukilala kulia, betri inashiba. Ukilala kushoto, betri inaliwa. Safari nzima sikutazama milima wala wanyama. Nilitazama mshale.

Kanyenye hadi Urambo

Jumatano kulipopambazuka nikawasha. Taa sikuihitaji. Nilipovuka nyumba za mwisho, upepo ukaanza kuingia shingoni, nikabonyeza swichi. Mwanzo hakuna kitu. Halafu, jamani, kama mtu aliyenibandika chapati ya moto kifuani! Nikaimba. Wanawake waliokuwa wakienda mashambani walisimama kutazama mtu anayeimba na kucheka peke yake juu ya pikipiki.

Mshale ulikuwa katikati kabisa. Nikipunguza mwendo kwenye mchanga, unalala kushoto, na wimbo unanikauka. Nikiongeza, unarudi.

Karibu na Usoke nilisimama kwa mama mmoja muuza uji wa ulezi. Nimekaa kwenye gogo bila kuchomoa mkia wa kabuti, injini inanguruma pembeni, kikombe mdomoni. Nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Nikafikiri ni jiko lake.

"Baba," akasema, "unafuka moshi."

"Ni uji huo."

"Uji haufuki shingoni kwa mtu!"

Kabla sijainuka akachota kata ya maji akanimwagia. Akachota nyingine. Watu waliokuwa wakipita wakakimbia kusaidia, na mmoja alikuja na mtungi mzima. Nilipiga kelele, "Acheni! Ni umeme!" Neno hilo likawaogopesha zaidi, wakamwaga kwa mbali na kwa nguvu.

Nilipochomoa waya nikaona sababu. Fyuzi iliungua wiki iliyopita nami nikaweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kila fundi anafanya hivyo, msinitazame. Waya mmoja uligusana na mwenzake, na karatasi ile haikukatika kama fyuzi inavyotakiwa. Bitana ilikuwa na tundu ukubwa wa sahani. Ngozi yangu ilikuwa nyekundu tu. Aliyesema niliungua mgongo wote ajue hapo.

Yule mama hakutaka malipo ya uji. Alisema, "Nenda salama, baba, ila nyumbani kwako wanajua?"

Nikafika Urambo nimelowa, nakohoa, mchana umekwisha. Nililala kwa rafiki wa zamani ambaye alinipa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai ya asali, nikaanika kabuti karibu na moto, nikashona, nikaweka fyuzi ya kweli. Usiku nilikuwa nikiamka kusikiliza kifua changu kama mtu anayesikiliza injini yenye mgongano ndani. Kesho yake Alhamisi. Nilijiambia siku ipo.

Urambo hadi kijiji cha mgambo

Alhamisi asubuhi niliipita Kaliua jua halijawa kali. Baada ya hapo barabara ilikuwa jina tu. Nilifuata njia ya baiskeli kando ya reli, mchanga, mizizi, tena mchanga. Kabuti lilikuwa likifanya kazi vizuri na kikohozi kilitulia. Kiu ikanishika. Nikaona nyumba mpya zimepangwa mistari, bati moja linang'aa katikati, nikajua ni kijiji cha ujamaa, watu wamehamishiwa pale karibuni. Nikakunja kuomba maji.

Nilipotelemka nilisahau mkia wa waya. Nikapiga hatua, kabuti likanivuta nyuma nikaanguka juu ya pikipiki. Mgambo aliyekuwa na rungu kivulini akauona waya ule unatoka tumboni mwangu unaingia kwenye chombo. Hakucheka.

"Ndugu, usiguse kitu. Unaongea na nani kwa hiyo?"

"Naongea na nani? Ni kabuti."

"Kabuti lenye waya?"

Akapiga filimbi. Mnajua miaka hii jinsi tunavyohimizwa kuwa macho na mgeni asiyejulikana, na mimi mwenyewe hapa Kanyenye nimewahi kumshuku muuza saa. Kwa hiyo simlaumu. Nikapelekwa ofisi ya kijiji, na nyuma yangu watoto, wanawake, mbuzi.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu mzima, mpole wa sauti, na kofia ya manyoya ya kondoo. Nilimwamkia, "Mwangaluka," akaitikia, akaniketisha. Alizunguka kabuti, akapapasa bitana.

"Ndugu, hiki ni chombo gani?"

Hapo, jamaa zangu, ningesema neno moja tu: nakwenda kuozesha, kesho alasiri. Sikusema. Umati ulikuwa mkubwa, wote wananitazama mimi. Nikasimama. Nikawaeleza habari za dainamo. Nikawaeleza nilivyoanza na pancha. Nikawaambia umeme huu nimeutengeneza mwenyewe, na hauishi! Dainamo inauzaa kila gurudumu likizunguka, kama ng'ombe anavyotoa maziwa, ukikamua leo kesho yapo.

"Tuonyeshe," akasema mwenyekiti.

Nikawasha injini, nikamvisha. Alisimama akiwa ameinua kidevu. Halafu uso ukafunguka.

"Aa! Kama nimekaa jikoni kwa mama yangu!"

Watu wakapiga makofi. Upelelezi ukaisha hapohapo. Aliyesema nilifungwa naye ajue hapo. Mgambo mwenyewe akaniletea maji, na ugali wa mtama kwa nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, yaliyoungwa kwa karanga. Nilifikiri nimepona.

Mwenyekiti alipovua kabuti alinitazama kwa huzuni kidogo. "Lakini, Ndugu Fundi, moto wa mtu mmoja? Umekaa nao peke yako tangu Tabora?"

Watu wakacheka.

"Hapa kwetu hatuna cha mtu mmoja," akaendelea. "Jembe ni letu, bati ni letu. Na moto huu tuuonje wote. Kila nyumba kumi itoe mzee wake mmoja."

"Mwenyekiti, betri yangu..."

"Imefanya nini?"

"Itakwisha."

Akageukia watu. "Amesema nini huyu sasa hivi?"

Wakajibu kwa pamoja, "Amesema hauishi!"

Mtaniambia ningekataa. Kataeni nyinyi mbele ya wazee waliokwishapanga mstari, wamevua kofia. Nikaongeza moto wa injini ili dainamo ilishe, lakini pikipiki iliyosimama inapata moto kupita kiasi ikivuma muda mrefu, ikabidi nipunguze. Nikipunguza mshale unalala kushoto. Nikiongeza silinda inanuka. Mzee akivaa anafunga macho, anasema, "Ongeza," wenzake wanamwambia, "Toka, umeshaiva!" Kila mtu anacheka. Mimi jasho linanitoka mgongoni, wala kabuti sijalivaa.

Wa mwisho alikuwa Bi Nyamizi, bibi mkongwe aliyeletwa ameshikwa mikono miwili. Homa ilikuwa inamtikisa, meno yanagongana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wanasema una jua kwenye nguo."

Tulimvisha, tukamketisha kwenye kigoda karibu na gurudumu. Polepole kutetemeka kukapungua. Akalala hivyohivyo, kichwa kikining'inia. Nikamwangalia yeye, nikauangalia mshale. Umelala kushoto kabisa, hauinuki hata nikiongeza. Hakuna aliyethubutu kumwamsha, wala mimi.

Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Betri za redio

Nilipiga kiki hadi goti likakataa. Vijana wakanisukuma mstari mzima wa nyumba, kwenda na kurudi, katika mchanga ule. Hakuna. Taa haikutoa hata wekundu wa sigara. Nikaketi chini.

Treni ya abiria inayofuata ilikuwa ya Jumamosi. Urambo ni mbali nyuma, Uvinza ni mbali mbele. Na jua lilikuwa linaelekea magharibi, yaani Ujiji, bila mimi. Nikamwona Zuhura amekaa ndani na hina yake mikononi, na watu wanaulizana, kwani huyu hana baba hata wa kuazima? Nikaanza kulia. Naandika hivyo kwa sababu watu wa kijiji kile walikuwapo, na siku moja mmoja wao anaweza kuja Tabora.

Mwenyekiti akachuchumaa karibu yangu. "Fundi, chuma ndicho kinachokuliza?"

Nikamwambia yote. Kaka yangu, binti, alasiri ya kesho.

Akasimama. Halafu akasema kwa hasira ya kweli: "Ndugu, wewe ni mtu wa namna gani? Ungesema unakwenda kuozesha, tungekupa maji na mtu wa kukuonyesha njia, ungekuwa umeshapita! Sisi hatuna mabinti? Unatuambia habari za ng'ombe na maziwa!"

Nikatazama juu ili nisimtazame, na juu ya bati la ofisi nikaona betri za redio, zile kubwa za duara, zimeanikwa juani mstari mmoja. Mnajua tunavyofanya: betri ikichoka unaianika, inapata nguvu kidogo, unasikiliza taarifa ya habari, kesho unaianika tena.

Nikainuka. "Mwenyekiti, hizo za nani?"

"Za kijiji. Za redio."

"Nne zikifuatana zinatosha koili yangu. Lakini zimechoka, nitahitaji mistari mingi."

Katibu wa kijiji, kijana mwembamba, akadakia: "Redio haiguswi. Jioni watu wote wanakuja kusikiliza."

"Leo watasikilizana wao kwa wao," akasema mwenyekiti.

Wakapita nyumba kwa nyumba. Wakaleta za redio na za tochi, nyingine zimeshaanza kutoa jasho la chumvi. Nilizijaribu moja moja kwa balbu ya tochi. Nilikata mianzi, nikazisokomeza ndani zifuatane, nikaunganisha ncha kwa waya niliouchomoa kwenye kabuti langu mwenyewe, kwa kisu, nikiuvuta kutoka kwenye bitana kama utumbo wa samaki. Jioni iliingia kabla sijamaliza. Bila taa nisingekwenda popote katika msitu ule.

Na usiku ni adui wa betri. Baridi inazinyonya. Bi Nyamizi, ambaye homa ilikuwa imemwachia kidogo, akasema mianzi iletwe kwake. Akaifunga ndani ya kabuti, akaiweka karibu na mafiga, akalala upande wa pili kuikinga na upepo wa mlangoni. Mimi nililala nje ya mlango huo. Usingizi wenyewe haukuwa usingizi.

Ijumaa ilipopambazuka kijiji kizima kilitoka. Nikaunganisha mianzi, nikapiga kiki. Kimya. Tena. Ikapiga chafya. Vijana wakashika nyuma, wakasukuma wakiimba wimbo wa kulima, nikaachia klachi, ikashika! Nikaivumisha hadi mshale ukasogea kulia, unywele tu.

Katibu alikuwa amenyoosha mkono. Nikamrudishia mianzi yake, injini sasa ikiwaka kwa dainamo. Redio yao ni redio yao.

"Sikiliza," akasema mwenyekiti, amenishika bega. "Ikizima tena, sisi hatupo. Usiizime."

Malagarasi na Uvinza

Nilivaa kabuti, lakini sasa lilikuwa nguo tu, na bitana imechanwa upepo unaingia. Vipande viwili vya waya vilibaki kifuani na swichi ilikuwa palepale. Kadiri nilivyokaribia mto, ukungu ukawa mzito, baridi ya maji ikapanda miguuni. Kichomi changu cha zamani kikaanza kudunda ubavuni, palepale kilipokuwa mwaka jana. Nikapeleka kidole kwenye swichi. Mshale ulikuwa kulia kidogo sana. Nikaondoa kidole. Nikapeleka tena. Nikaondoa. Nilianza kuzungumza na kidole hicho kama mtu anayezungumza na mtoto karibu na sufuria.

Magari hayakuwa na njia ya maana pale, nikaenda hadi daraja la reli. Mlinzi alisimama katikati na bendera yake.

"Zima injini, sukuma kwa miguu. Ndiyo sheria."

"Ndugu yangu, nikizima haitawaka."

"Basi hutavuka."

"Nakwenda kuozesha."

Neno hili sasa nililitanguliza mbele ya jina langu. Akanitazama. Midomo yangu ilikuwa ya bluu, nadhani, na kabuti linaning'inia nyaya kama mtu aliyepasuliwa.

"Unamwozesha nani?"

"Mtoto wa kaka yangu. Yatima."

Akasikiliza reli kwa sikio, akatazama mbele na nyuma. "Sukuma, ila iwe inanguruma kwa heshima," akasema. Akatembea pamoja nami juu ya mbao, ameshika kiti kwa nyuma, na chini yetu maji yanapita kati ya mapengo. Katikati ya daraja injini ilishuka ikataka kufa. Nikakamata mkono wa mafuta. Sote wawili tukasimama, hatupumui, hadi iliporudi. Mlinzi akasema, "La ilaha illallah," basi. Upande wa pili hakutaka asante, alitaka niondoke kabla hajafukuzwa kazi.

Uvinza nilifika mchana, wanaume wametoka sala ya Ijumaa, vumbi la chumvi kwenye viatu vyao. Sikuzima. Nilimimina mafuta injini ikiwaka, jambo ambalo ningemfukuza kazi kijana wangu akilifanya, na mwenye pipa alikwenda kusimama nyuma ya ukuta. Migebuka ya kukaanga nilikula nimesimama, mkono wa kushoto mdomoni, wa kulia umekamata mkono wa mafuta wa pikipiki.

"Baba, kaa basi," akasema muuzaji.

"Nikikaa itakufa."

"Nani?"

Nikamlipa, nikaondoka.

Ujiji

Vilima vya mwisho nilivipanda nikikohoa, na sauti ikaanza kuniisha. Nilipotokea Ujiji jua lilikuwa limeshaegemea ziwa. Alasiri ilikuwa imepita zamani. Sikuuliza njia. Nilifuata harufu ya pilau.

Watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka nje ya nyumba, kimya, kimya cha watu waliogombana. Nilizima injini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu alfajiri, na masikio yangu yakabaki yakivuma peke yake. Mama Shabani akatoka mbio, akanikamata kabuti kifuani, akaona nyaya.

"Wewe! Wewe mtu wewe!"

Nikafungua mdomo. Ukatoka upepo tu.

Akanivuta pembeni ya ukuta, akaninong'oneza haraka. Alasiri ilipopita, mwalimu Idi alikuwa ameomba wasubiri kidogo, wazee wa upande wake wakakataa. Sheikh akakubali kusimama kama walii. Akaenda mlangoni kwa binti kumwomba idhini. Nanyi mnajua desturi: mwanamwali anaulizwa, ananyamaza kwa haya, na kunyamaza kwake ndiko kukubali. Hajibu. Haijapata kusikika anajibu.

"Akajibu," akasema Mama Shabani. "Kwa sauti, wanaume wote nje wakasikia. Akasema, 'Sikubali. Baba yangu yuko njiani.' Sheikh akamwuliza mara ya pili. Akasema vilevile. Wazee wa mwalimu wakainuka kutaka kuondoka, mwalimu mwenyewe ndiye aliyewaketisha. Tumekaa hivi tangu saa ile, Baba Shabani. Watu wanasema binti hana adabu."

Yule mtoto mara ya mwisho nilimwona ana umri wa kubebwa begani. Hakujua mshale wala daraja. Alijua tu nimesema nitakuja.

Nikanawa uso, wakanipa kanzu ya mtu mwingine, fupi. Sheikh akanitazama, hakunikaripia. Akasema, "Twende ukamwulize mwenyewe."

Tukasimama penye pazia, mimi mbele, sheikh na mashahidi wawili nyuma yangu. Ndani wanawake wakanyamazishana. Nikakohoa, nikavuta pumzi, ubavu ukaniuma, na nikasema kwa sauti iliyobaki, kama ya mlango mkavu:

"Zuhura binti Saidi. Ni mimi, baba yako mdogo. Unaniruhusu nikuozeshe kwa Idi?"

Nikangoja. Hakuna kikohozi, hakuna bangili. Yeye aliyesema mara mbili mbele ya mji mzima, sasa hakusema neno.

Sheikh akanigusa bega. "Umesikia, Fundi?"

Nikamwambia nimesikia.